Jina la Bi Masan

Kijiji chetu cha Dorae kina kipaza sauti juu ya paa la ukumbi. Kila asubuhi saa moja mwenyekiti hukikoholea mara mbili, kisha hutoa habari. Bi Gurye amepotelewa na kuku mwekundu. Bi Hadong anavuna figili, wenye nafasi waende. Bi Namwon ana mafua, apelekewe uji. Wanawake wa pale huitwa kwa mahali walikotoka walipoolewa, na majina yao ya kuzaliwa wanayajua wauguzi wa zahanati peke yao. Mimi nilikuwa "mwenye geti la buluu".

Mwenye geti! Nilikuwa na jina, Tak Miran. Nilikuwa na miaka hamsini na saba, na kazi ya kaunta ya posta nilikuwa nimeomba nihamishiwe mji mdogo ulio chini ya kijiji, miaka mitatu kabla ya kustaafu. Nilifanya makusudi. Nilitaka siku ya kustaafu inikute nina watu, si nina televisheni. Wenzangu wa Busan walisema nimerukwa na akili, nami niliwaambia watakuja kula kimchi yangu, kabeji ya kuchachushwa kwa chumvi na pilipili.

Sasa hapo kwenye kimchi ndipo nilipokwama. Dorae hakuna anayetengeneza kimchi ya msimu wa baridi peke yake. Mwenyekiti hutangaza zamu, nyumba inaitwa kwa jina la mama wa nyumba, na wanawake wote wanatokea na visu. Mimi nilikuwa nimepanda kabeji themanini kwa mikono yangu na kuzivuna, zilikuwa zimerundikwa uani, baridi kali inakuja, na zamu za watu zilikuwa zinaitwa moja moja. Zamu hupewa mtu. Geti halina zamu.

Jumamosi mchana nikabeba sahani ya keki za mchele nikaenda ukumbini, ambako akina mama hula pamoja na kucheza karata.

"Nimekuja kudai jina," nikasema kabla sijakaa.

Bi Hadong, kiongozi wa akina mama, mwenye sauti ya kufukuza ndege shambani, alicheka hadi karata zikamwanguka. "Mwoneni huyu! Bibi harusi wa miaka hamsini na saba! Na bwana harusi umemwacha wapi?"

"Yuko posta, ananigongea mihuri."

Wakacheka wote, nikajua nimeshaingia nusu.

"Haya, kwenu wapi?"

"Masan."

Kicheko kikakatika. Pembeni alikuwa amekaa mama mmoja wa miaka themanini na minne, mwembamba, aliyekuwa hajaniitikia salamu vizuri tangu nihamie. Huyo ndiye aliyekuwa Bi Masan.

"Jina hilo lina mwenyewe," akasema. "Na mwenyewe hajafa."

"Wawili hawawezi kulishika," Bi Hadong akasema, na nikaona raha imemjaa usoni. "Basi tuwapime. Anayeijua Masan zaidi abaki nalo. Atakayeshindwa tutamwita Bi Posta. Mama, anza wewe, mkubwa ni mkubwa."

Bi Masan alijikohoza. "Masan ni bahari. Nyumba yetu ilitazama maji. Kila jioni jua lilikuwa linazama baharini, sisi watoto tunakaa juu ya ukuta tunaliangalia mpaka liishe."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa, walishayasikia hayo mara mia. Masan bahari iko upande wa mashariki. Jua huzama nyuma ya mlima, na hakuna mtoto wa kule asiyejua, maana mlima ule ulitufupishia michezo ya jioni utoto wetu wote. Huyu mama hakuwahi kukaa Masan hata siku moja.

"Wewe wa geti," Bi Hadong akaniita. "Kweli au si kweli?"

Neno moja tu, na jina lingekuwa langu. Sitajifanya mtakatifu, nililitaka, na mdomo nilishaufungua. Kisha nikamwona Bi Masan ameshika karata moja kwa mikono miwili, ananitazama. Hakuwa ananisihi. Alikuwa anangoja tu, na nilihisi amengoja hivyo miaka mingi.

"Kweli tupu," nikasema. "Tena linazama polepole. Mimi siwezi kusimulia namna ile. Jina ni lake."

Nikalikataa jina la Bi Posta kwa kelele, nikarudi nyumbani mikono mitupu. Njia nzima nilijikasirikia. Upole si kawaida yangu, na nilijiuliza kwa nini ulinijia siku ile ile niliyokuwa na haja na ukali.

Jumapili asubuhi nilipofungua mlango nilimkuta Bi Masan uani kwangu, kachuchumaa mbele ya kabeji zangu, kisu mkononi. Alikuwa amekwisha kupasua kumi.

"Jua la Masan linazama wapi?" akauliza bila salamu.

"Nyuma ya mlima."

"Sasa mbona jana ulidanganya watu?"

"Mama, ulianza wewe. Mimi nilikufuata nyuma."

Alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. Kisha akapasua kabeji nyingine na kuongea akiwa ameinama.

"Mimi ni wa Sutgol. Hukujui, usijisumbue. Kabonde ka wachoma mkaa, nyumba sita. Mshenga aliona binti wa wachoma mkaa hatapata mtu, akamwambia mama mkwe kwamba natoka Masan. Masan yenyewe niliiona dirishani mwa basi, nikiwa na nguo za harusi. Miaka sitini na miwili sijasikia mtu akitamka Sutgol. Wazazi wangu wamezikwa kule. Mume wangu amekufa hajui."

Nikachukua kisu, nikachuchumaa naye.

"Wewe huna jina," akasema, "na mimi ninalo moja limekaa bure. Lichukue."

"Watanicheka."

"Watakucheka sana. Una mdomo, utawajibu."

Tulipasua zote themanini, tukazitia chumvi. Mchana nikaenda ukumbini, nikasimama katikati. "Nilizaliwa Masan, lakini kwetu hasa ni Sutgol. Wachoma mkaa."

"Mkaa!" Bi Hadong akapiga kofi sakafuni. "Ndiyo maana sufuria zako nyeusi vile!"

"Ulizionea wapi? Njoo uzisugue basi, Bi Hadong, usibaki kuchungulia ukutani!"

Walicheka hadi machozi. Bi Masan hakuinua macho kwenye karata zake. "Watu wa Sutgol ni wachapakazi," akasema. "Nilipata kusikia."

Nilikuwa nimeomba ruhusa ya Jumatatu. Alfajiri Bi Masan alikuwa tayari uani, anasuuza chumvi kwenye kabeji, mimi natwanga pilipili. Saa moja ilipofika kipaza sauti kikakohoa mara mbili.

"Leo ni zamu ya Bi Sutgol. Kabeji themanini. Akina mama, njooni na visu na glavu. Narudia. Bi Sutgol."

Lile jina lilipita juu ya mapaa yote ya Dorae na kugonga vilima. Niliweka mchi chini ili niitikie, maana nilikuwa nimelisubiri kuliko kitu chochote mwaka ule. Lakini Bi Masan alikuwa ameshainua kichwa, mikono imo majini.

"Abee," akasema kwa sauti ndogo.

Nikauchukua mchi tena, nikamwacha aitikie.