Kiti cha Ranchero

Verna Hruska alikuta tena kiti cha Ranchero kimesogezwa mbele, karibu kabisa na usukani. Gari hilo, mbele saluni, nyuma pikapu, ni la mumewe, Lowell, na Lowell ni mrefu kama nguzo ya simu. Kwa kiti kile, magoti yangemgonga kidevu.

"Nani kaendesha gari lako?"

"Hakuna. Labda umekisogeza wewe, ulipokuwa unafagia."

"Mimi gari lako naliingilia nini? Sina langu?"

Lowell akajitia kutafuta kofia, na kofia iko kichwani.

Jumapili, walipotoka kanisani, akasema anapeleka mashine ya kukatia nyasi kwa fundi. Fundi gani Jumapili, jimbo zima la Nebraska liko mezani kwa chakula cha mchana? Verna akachungulia bandani: mashine ipo, imetulia. Akawasha stesheni wagoni yake, ile ndefu yenye mbao za kuigiza ubavuni, akamfuata akijificha nyuma ya mahindi.

Akaliona Ranchero uwanjani kwenye maghala ya nafaka, likizunguka kwa kushtukashtuka. Kwenye usukani, mwanamke mfupi kajifunga skafu. Pembeni, Lowell anacheka. Siku nyingi Verna hajamwona akicheka vile. Akakanyaga mafuta, akawakingamia njia. Ranchero likafunga breki, nusura limguse mlango.

"Shuka, we mwanamke, nikuone!"

Akashuka mama yake mzazi, Opal.

"Haya, umeniona. Sasa ondoa hilo jeneza lako, nilishaanza kukata kona vizuri."

"Mama! Kwa nini mnanificha?"

"Ungekataa. Marehemu baba yako hakunigusisha usukani maisha yake yote, na wewe umemrithi."

Kweli Verna angekataa.

"Lakini unataka kwenda wapi? Si nakupeleka kote?"

"Ndiyo hapo penyewe, mwanangu. Unanipeleka."

Verna akamgeukia mumewe. Lowell akawa anatazama maghala.

"Usinitazame mimi," akasema. "Mkwe kaniapisha."

Leseni Opal aliipata Agosti. Tangu hapo kila Jumatano akaazima Ranchero, kapaka rangi ya mdomo, na jioni anarudi akiimba. Verna akanusa koti lake: moshi wa kiko. Mama hajavuta maishani. Akiulizwa, anajibu alikuwa anapunga upepo.

Sikukuu ya Shukrani, mwezi wa Novemba, Opal akaja na mzee mmoja mjane, Emmett Quist wa mji wa pili, kiko mfukoni, keki ya tufaha mkononi.

"Nimeoka mwenyewe," akasema kwa haya.

Verna akamkagua tangu kofia hadi viatu. Akaonja. Tamu mno.

"Mwenyewe kabisa?"

"Kabisa, bibie."

"Mwache mgeni wangu ale," Opal akasema.

Verna akajikatia kipande cha pili, macho hayambanduki mzee yule.