Jino Lisilouma

Kuna watu hukosa mchumba, kuna watu hukosa kazi. Yeye alikosa jino. Tena si jino lake, maana ya kwake yalikuwa kamili. Alikosa jino la mtu mwingine, bovu kiasi, katika jiji ambalo kila ukipanda ngazi unapishana na mtu ameshika shavu.

Haya, nieleze vizuri. Alikuwa daktari wa meno, anamalizia mafunzo ya upasuaji wa kinywa na taya katika hospitali kubwa. Walioanguka, waliogongwa na magari, waliopigwa ngumi na mashemeji zao, wote waliletwa kwake taya zikiwa vipande, naye akaziunga kwa vyuma na skrubu. Wauguzi walimwita Koleo, kwa sababu jino likishagoma kwa wengine, yeye ndiye aliyeitwa kulitoa. Lakini Koleo huyo hakuwa na leseni. Alisomea meno nchi nyingine, na leseni ya huko, hapa ilikuwa karatasi ya kufungia chumvi. Miaka yote ya mafunzo alifanya kazi kwa kibali cha hospitali, chini ya msimamizi, ndani ya kuta za hospitali basi. Na kibali kilikuwa kinaisha pamoja na mafunzo. Mkuu wa idara alimwambia bila kuzunguka: "Nafasi ya kudumu nimekuwekea. Ukipita mtihani wa leseni mwaka huu, ni yako. Usipopita, nampa mwingine, sitaweza kungoja mpaka mwakani."

Mtihani wenyewe, ukiusikia, unaweza kucheka. Hawakumtaka aunge taya. Walimtaka azibe jino moja, kazi aliyoifanya mara ya mwisho akiwa bado anavaa koti la mwanafunzi. Sharti lao lilikuwa kwamba kila mtahiniwa aje na mgonjwa wake mwenyewe, mwenye jino lililotoboka ubavuni, pale linapogusana na jirani yake. Tundu lisiwe dogo mno, wala lisiwe limefika ndani. Na jino liwe haliumi, kwa sababu linalouma haliponi kwa kuzibwa juu juu. Hilo linataka kutibiwa mpaka mizizini, na huo si mtihani wao.

Wenzake hawakuhangaika. Mmoja alimleta shangazi yake. Mwingine alikuwa na mabinamu wa kuchagua, na nasikia waligombana nani akakalie kiti. Koleo alishika simu yake akapitia majina. Msimamizi. Wodi ya wanaume. Fundi wa gesi. Mwenye nyumba. Wodi ya watoto. Mama, ambaye yuko mbali, hafikiki kwa safari ya ndege moja. Hakuona mtu hata mmoja wa kumwambia, njoo ukae asubuhi nzima kinywa wazi kwa ajili yangu.

Siku zote alikuwa akijiambia kwamba ana shughuli nyingi. Tusidanganyane, shughuli alikuwa nazo. Lakini pia alikuwa na chumba chenye kijiko kimoja, na majirani aliowajua kwa viatu vyao tu, vile wanavyoviacha mlangoni. Mama akipiga simu na kuuliza, "Umekula, mwanangu?" hujibu, "Nimekula," halafu hukaa na simu mkononi, anaona haya kupiga tena kwa sababu hana jipya la kusema. Upweke ulimuuma, tena ulimuuma mchana kweupe, kwenye foleni ya dukani, watu wakiongea mbele yake na nyuma yake.

Akaanza kutazama watu midomoni. Kwenye lifti, mtu akipiga miayo, Koleo anainama kidogo. Mwenye duka la chini alikuwa mtu wa kucheka cheka, na siku moja alipocheka vizuri, Koleo alimkazia macho mpaka mzee wa watu akafumba mdomo.

"Dada, nanuka mdomo?" akauliza.

"Hapana, kaka. Nilikuwa natazama jino lako la nyuma."

"Kwani limekukosea nini?"

Koleo akanunua sabuni ambayo hakuihitaji, akaondoka.

Aliyemwokoa alikuwa fundi wa paa. Huyu aliletwa hospitali baada ya kuteleza kwenye bati na kutua kidevu mbele, na Koleo ndiye aliyemuunga, akamfunga meno ya juu na ya chini kwa waya ili taya ishike. Kila wiki Fundi alikuja kukaguliwa. Kuongea hakuweza, aliguna tu. Basi Koleo, huku akikaza waya, akawa anaongea kwa niaba ya wote wawili. Alimweleza habari za mama, za chumba, za mtihani, za mwenye duka na mdomo wake. Fundi aliguna pale pa kuguna. Ukimwona Koleo siku ya Fundi, ungedhani ni mtu anayepiga soga na watu tangu azaliwe.

Waya ulipotolewa na kinywa kikazoea tena kufunguka, ikapigwa picha ya eksirei kuona taya imeunga vipi. Taya ilikuwa safi. Na pembeni, katika gego la juu, palikuwa na kivuli kidogo ubavuni, pale pale panapotakiwa. Koleo akaitazama ile picha, akamtazama Fundi, akamweleza kila kitu, na mwisho akamwomba.

Fundi akachezesha taya yake, sasa anaweza kusema. "Dokta, nyumba umeijenga wewe, leo unapiga hodi ya nini? Nitakuja."

"Lisije likaanza kuuma tu," Koleo alimwambia akicheka. "Likiuma halifai, nimekwisha."

Kweli alisema hivyo. Alisema kwa mzaha, na mwenzake akalichukua neno hilo akaenda nalo nyumbani.

Tangu hapo alifanya mazoezi kila jioni kwenye meno ya plastiki. Mkono uliozoea patasi na nyundo ulikuwa sasa unatakiwa kuchonga taratibu, na mwanzoni alitoboa mengi hovyo. Akatulia, mkono ukarudi. Kila baada ya siku chache alimpigia Fundi. Aliuliza kazi inaendaje, watoto hawajambo, siku ya mtihani anaikumbuka. Fundi alijibu kwamba yuko ngangari, na kwamba mke wake atapika siku hiyo, wakitoka kwenye mtihani waende wote nyumbani wakale. Koleo alinunua blauzi kwa ajili ya chakula hicho. Kuna kitu kimoja ambacho hakuuliza, na kila alipokata simu alijua kwamba hakukiuliza.

Siku ikafika. Ukumbi wa mtihani ulikuwa na viti vya meno kwa safu, taa zote zimewaka, watahiniwa wamebandikwa namba vifuani. Fundi alikuja ameoga, amenyoa, amevaa kofia mpya na kandambili, akasalimia watu kana kwamba harusi ni yake. Aliketi akalala kwenye kiti, akafumba macho. Kabla ya sindano ya ganzi, mtahini alipaswa kulipima jino na kulipitisha. Alikuja mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia shingoni, hana maneno mengi. Aliiinua ile picha ya eksirei kwenye taa, akatikisa kichwa kukubali. Akapuliza hewa ya baridi juu ya jino, kisha akaligonga kwa mpini wa kioo.

"Linauma?"

"Wala," alisema Fundi.

Uso wake haukusogea hata kidogo. Mtahini alikuwa anautazama uso. Lakini Koleo alikuwa ameshinda miaka mingi na watu waliofungwa taya, ambao wakiumia hawawezi kulia wala kukunja sura, na alijifunza kuwatazama miguuni. Akatazama. Vidole vya Fundi vilikuwa vimejikunja ndani ya kandambili mpaka vimekuwa vyeupe, na kisigino kinasukuma kiti.

"Liko sawa," mtahini alisema. "Anza."

Ni yeye peke yake aliyejua. Mwenye jino alikuwa radhi. Mtahini amepitisha. Angeweza kumpiga ganzi, akachonga, akaziba vizuri, akapita, na Jumatatu akamwita Fundi hospitali amtibu jino lililokuwa linakufa. Siku mbili tu za kuteseka, na nafasi ya kazi ikawa yake. Alishika sindano. Nisikufiche, aliishika sawasawa, na alikuwa anataka sana kuitumia.

"Mama," akasema, "linamuuma."

Mtahini akarudi. "Mgonjwa anasema haliumi."

"Anasema hivyo kwa ajili yangu."

Fundi akafumbua macho. "Dokta, acha. Haliumi."

Mtahini akaligonga jino tena, safari hii kwa nguvu kidogo, na Fundi akatoa sauti ambayo hakuikusudia. Mama yule akavua miwani. Hakufurahi, hilo lilionekana.

"Una mgonjwa mwingine?"

"Sina."

"Hata ndugu, jirani, mtu wa kumpigia simu sasa hivi? Nitakusubiri kidogo."

"Sina mtu," Koleo akasema, na jirani zake wa kulia na kushoto, wenye mashangazi zao vitini, wakajifanya hawakusikia.

Mtahini akambandua namba kifuani taratibu. "Mwakani, binti yangu," akasema.

Nje, kwenye ngazi, Fundi aliwaka. "Umefanya nini sasa? Mimi nimejikaza kisabuni wiki baada ya wiki, natafuna upande mmoja, nalala nimekaa, wewe unakuja kulisema mwenyewe?"

"Linauma tangu lini?"

"Tangu muda mfupi baada ya ile picha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulisema likiuma umekwisha. Ningekumaliza mimi?"

Koleo alitaka kumtibu pale pale. Lakini ilikuwa Jumamosi, idara imefungwa, na nje ya hospitali mikono yake haikuruhusiwa kugusa jino la mtu. Akamvusha barabara mpaka kliniki ndogo ya meno. Daktari wa pale alikuwa kijana, labda amehitimu juzi juzi, leseni yake imetundikwa ukutani juu ya kabati la vitabu. Alimsikiliza Koleo kwa adabu, akamwambia asubiri nje na ndugu wengine. Fundi akavua kofia, akampa Koleo ashike pamoja na simu, akaingia bila kumtazama.

Simu ikaita. Alikuwa mke wa Fundi.

"Baba watoto, vipi?" Nyuma yake zilisikika sauti za wanawake na sufuria.

"Ni mimi, dokta."

"Ah, dokta. Tumepita?"

"Hatukupita. Jino lilikuwa linauma. Yuko ndani anatibiwa."

Zile sauti za nyuma zikapungua. Labda alikuwa ametoka nje.

"Mimi najua kama linauma," mke alisema. "Nimemkandia shavu kwa chumvi ya moto siku ngapi. Nilitaka kukupigia, akanikataza. Akasema, yule dokta hana mtu, nikimwangusha mimi nani atamwinua."

Koleo akaibana simu sikioni.

"Nikajisemea, mwache, daktari mwenyewe atamwuliza. Kila ukipiga nilikuwa nasikiliza. Unauliza watoto, unauliza kazi. Nikasema leo atauliza. Kwani hukumwuliza?"

Angeweza kusema kwamba Fundi alimficha, na isingekuwa uongo. Watu waliokaa naye pale walikuwa wanafunua magazeti ya zamani.

"Sikumwuliza," akasema.

"Kwa nini?"

"Niliogopa angesema linauma."

Mke wa Fundi hakutukana, hakupandisha sauti, na Koleo alitamani angepandisha.

"Sawa, dokta. Umesema kweli. Akitoka mwambie arudi nyumbani, chakula kipo." Akakata. Habari ya Koleo kuja kula hakuigusa.

Alikaa na ile kofia mapajani, amevaa blauzi yake mpya. Alilia kidogo, kimya, akageukia ukutani ili wale watu wasimwonee huruma. Hakulilia nafasi ya kazi. Hiyo angeililia baadaye. Alimlilia mtu aliyelala amekaa, akiuma meno kwa ajili yake, wakati yeye kwenye simu anachagua maswali. Mtu mmoja tu alikuwa naye katika jiji hilo, na yeye alimfanya jino.

Mlango wa ndani ukafunguliwa. Msaidizi wa kliniki akachungulia, glavu bado mkononi, akawatazama wote waliokaa kwenye viti.

"Huyu fundi yuko na nani?" akauliza. "Amekuja na mtu?"

Watu wakatazamana. Koleo akasimama, akafuta uso kwa kiganja.

"Yuko na mimi," akasema, akaingia.