Mama wa Sufuria

Mke wangu anafundisha hesabu sekondari, na wanafunzi wake wataapa kwamba hajui kucheka. Mimi nafundisha watu kuendesha gari, kazi ya kukaa roho juu kutwa nzima, na nawahakikishia kwamba anacheka. Anacheka jioni mezani kwetu, peke yake, kalamu mkononi, akishamweka mwanaume wake wa kitabuni mahali ambapo hawezi tena kukwepa kusema ukweli. Maana mke wangu ndiye Asumini.

Kama humjui Asumini, waulize dada zako. Riwaya zake za mapenzi zinauzwa vibandani na kusomwa masaluni, zina majalada ya rangi ya waridi ambayo watu huyafunika kwa gazeti wakipanda basi, kana kwamba wamebeba magendo. Ndani yake kuna fundi bomba, nesi, mwashi, hata mkaguzi wa kodi, na mkaguzi wa kodi alipendwa! Mwalimu wa udereva hayumo. Nimelalamika mpaka nimechoka.

Siri hiyo tuliijua sisi wawili na mchapishaji wake tu, na sababu yake ilikuwa inalala chumba cha pili: mama yangu. Mama ni msomaji wa Asumini wa kufa mtu. Husoma dirishani, miwani puani, na atakayemkatiza atajuta. Sasa, kitabu cha pili kina mama mkwe anayefunua sufuria kabla ya kusalimia, na anayemwita mke wa mwanawe kwa cheo chake cha kazi, kana kwamba anazungumza na ofisi. Mama yangu hufunua sufuria. Na tangu nimlete mke wangu nyumbani, mama humwita Mwalimu, basi. Waliishi hivyo kwa adabu tupu: shikamoo, marahaba, chakula tayari, asante. Mke wangu aliogopa jambo moja tu, kwamba siku mama akijua nani alikiandika kitabu kile, hata adabu hiyo itakwisha.

Ndipo chuo kikuu kikaingia kati. Mhadhiri mmoja wa fasihi alikuwa anavifundisha vitabu vya Asumini darasani. Akaandaa siku nzima ya kuvijadili, akamwomba mchapishaji amlete mwandishi. Mke wangu akakataa katakata. Kisha akaanza kunung'unika jikoni, kisha akaniambia, "Nitaenda kusikiliza tu. Nitakaa nyuma. Wakinitaja, usinitazame."

Mama naye akasikia tangazo redioni. Akatoa gauni lake la kuendea harusi za watu. "Asumini akija nataka nimwone kwa macho yangu. Utanipeleka."

Nikawapeleka wote wawili. Njia nzima nilibana usukani kama mwanafunzi wa siku ya kwanza.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Wanafunzi walikuwa wameshika vitabu vya waridi wazi wazi, bila gazeti, na walimu wazee wa chuo walikuwa wameviweka mapajani, kurasa zimekunjwa pembe. Tukakaa safu ya nyuma, mama katikati. Mhadhiri akasoma kipande ambacho fundi bomba na nesi wanashusha kabati ngazini, kila mtu ameshika upande wake, na sura nzima hawagusani.

"Umelishika vizuri?"

"Nimelishika."

"Ukichoka useme."

"Sijachoka."

Mhadhiri akakifunga kitabu kidole kikiwa ndani. "Hawa wameshaoana," alisema, "ila wenyewe hawana habari." Ukumbi ukacheka. Akasema kwamba kwa miaka mingi yeye na wenzake waliviona vitabu hivi kuwa vyepesi kwa sababu vinaishia kwenye furaha. Lakini kumuua mhusika ni kazi ya sentensi moja. Kumpa furaha, na msomaji mwenye machungu yake akaikubali, hapo ndipo mwandishi anapojulikana.

Mimi nilikuwa nimeduwaa. Kabati lile nililibeba mimi, siku tuliyohamia, nikiwa nimeshika upande wa chini. Nilidhani tunahamisha kabati. Miaka yote hiyo sikujua kwamba mwenzangu kule juu alikuwa akinitazama namna ile. Nilijivunia mke wangu, nikajizuia nisimtazame.

Wakati wa maswali akasimama bwana mmoja mwenye tai. Akasema yote ni mazuri, lakini yeye anaamini hakuna Asumini. Vitabu hivi hutungwa na watu wa ofisini kwa kanuni moja. Kama mwandishi yupo, yuko wapi? Mhadhiri akatazama kiti kitupu walichomwekea mgeni. Mke wangu akainamisha kichwa.

Mama akasimama.

"Bwana, mwandishi yupo. Najua kwa sababu mimi nimo kwenye kitabu cha pili." Watu wakacheka. "Mnacheka? Mimi ndiye yule mama wa sufuria. Nilipojisoma nilikitupa uvunguni. Kesho yake nikakitoa, nikafika pale anapokuwa peke yake jikoni, na tunaambiwa kwao walizaliwa wengi, aliyechelewa alikuta sufuria tupu, ndiyo maana mpaka leo lazima afunue kwanza aone kama chakula kipo. Jambo hilo nililisema siku moja tu maishani, nikimenya vitunguu, na jikoni tulikuwa wawili. Ofisi gani ilinisikia?"

Mke wangu alikuwa anamtazama, machozi yakimdondokea mikononi.

"Mama, ulijua?"

"Tangu hicho cha pili."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungeacha kuandika. Na nyumbani hunisemeshi. Ningekusikia wapi?" Mama akamshika kiwiko. "Haya, simama, mwanangu. Wakuone."

Akasimama. Sijawahi kuona walimu wa chuo wakipiga makofi kwa mikono iliyoinuliwa juu ya vichwa, kama watoto. Mwenye tai alipiga pia, na alikuja baadaye kusainiwa kitabu chake, ambacho kilikuwa kimechakaa kwa kusomwa.

Wakati wa kurudi, mke wangu hakukaa mbele na mimi. Aliingia nyuma, kando ya mama. Kisha mama akauliza kitabu anachoandika sasa kinahusu nini. Mke wangu, ambaye hata mimi haniambii, akasitasita, akaanza. Mama akamkatiza: huyo mwanamke wa kitabuni asimsamehe mwanaume wake mapema hivyo, amsumbue kwanza. Mke wangu akasema mwanamke huyo atamsamehe, kwa sababu ameshachoka kukasirika. "Nani kakwambia watu wanachoka?" Wakaanza kubishana, kila mmoja akitaka amalize kwanza.

Nilipofika kwenye geti letu walikuwa wanasemeshana kwa sauti na hawakuona tumefika. Sikukata kona. Nikabadili gia, nikalipita geti, nikanyoosha.