Nyumba ya Mfano

Watu walikuja kuiona betri ya Gakenia kama wanavyokwenda kumwona mtoto mchanga. Waliinama, wakaisifu, wakauliza uzito wake na gharama yake, wakanywa chai, wakaenda zao. Yenyewe ilikuwa kasha jeupe tu lililofungwa kwenye ukuta wa sebule, chini ya picha ya marehemu mumewe, na taa moja ya kijani iliyowaka usiku na mchana. Kila Jumamosi alasiri Gakenia alifagia ua, akateleka chai, akafungua lango. Mwanamke aliyeishi mtaa wa Migosi miaka mingi bila kumkaribisha jirani hata mmoja ndani, sasa alikuwa akiwaingiza watu asiowajua kwa jina wala kwa sura.

Alikuwa amekubali mwenyewe, tena kwa furaha. Mwezi wa Januari, Ignatius wa kampuni ya sola alimkuta dukani kwake, katikati ya majora ya vitambaa vya sare za shule, akamwekea hesabu mezani bila kumficha kitu. Betri pamoja na inverta yake, laki mbili na elfu arobaini. Paneli, nyaya na kazi ya mafundi, laki moja kasoro kidogo. Zote zilipwe mwanzoni.

"Hiyo ni bei ya kila mtu," Ignatius alisema. "Lakini kuna rejesho. Ukikubali nyumba yako iwe ya mfano mwaka mzima, kampuni inakurudishia theluthi. Mwaka ukiisha, si kabla."

"Na nyinyi mnapata nini?"

"Watu wa hapa hawaamini karatasi, Mama. Wanataka kuona kwa mtu. Jumamosi wakuje waone, na siku zingine waangalie kwa simu vile betri inafanya kazi. Ni hivyo tu."

Theluthi ya pesa zile ingejaza rafu mbili za duka. Gakenia aliuliza habari za radi, za kutu na za dhamana, na aliporidhika akatia saini. Habari ya simu hakuiuliza tena. Na ukweli ni kwamba angetia saini hata bila rejesho. Kila stima ilipopotea, akabaki peke yake gizani, mwili wake uliukumbuka mwaka ule wa uchaguzi ulioharibika, alipolala chini ya kitanda cha rafiki yake Selpha kule Kaloleni, huku nje watu wakiulizana wenye majina ya kabila lake wamejificha wapi. Alikuwa tayari kulipa chochote asikae tena katika giza la namna ile.

Selpha alikuwa ameshafariki. Mwezi wa Aprili, mvua ikimwagika, binti yake Lorine alifika mlangoni kwa Gakenia bila viatu, mkono wa kushoto umevimba kuanzia kiwiko hadi vidoleni. Hakuhitaji kueleza mengi. Kila aliyemjua mumewe, Calvince, alimsifu kwa upole. Lorine peke yake ndiye aliyejua kwamba upole ule ulibaki nje mlango ulipofungwa. Gakenia alimpeleka hospitalini akatiwa plasta, akamrudisha amejifunika kanga hadi machoni. Wakakubaliana akae chumba cha nyuma, asisogelee dirisha, mpaka shangazi yake wa Kitale aje kumchukua mwisho wa mwezi. Majirani hawakuambiwa. Duka lilifunguliwa na kufungwa kama kawaida. Gakenia alidhani anajua kumficha mtu, maana yeye mwenyewe aliwahi kufichwa.

Calvince alikuja juma lile lile. Alikuwa fundi wa friji za samaki, kijana nadhifu, shati limepigwa pasi hadi mikono. Alisimama barazani, hakutaka kuingia.

"Mama, mimi sitafuti maneno," alisema. "Nataka tu kujua kama ako hai."

"Sijamwona. Mimi ninaishi peke yangu hapa."

"Peke yako," Calvince alirudia kwa adabu, kama mtu anayeagizwa vitu vya dukani na hataki kusahau. Alipofika langoni alisimama kusoma kibandiko cha kampuni, kile kilichowaalika watu waufungue ukurasa wa nyumba ya mfano. Alikisoma bila haraka. "Kitu kizuri hiki," akasema, akaenda.

Ijumaa iliyofuata ujumbe uliingia katika simu ya Gakenia, kama ulivyoingia kila Ijumaa. Mgeni wa kesho ni Calvince Ooko. Gakenia alikaa juu ya jora la kitambaa. Alimpigia Ignatius, akamwambia mgeni huyo asiletwe.

"Kwa nini, Mama? Huyo ni mteja wa maana. Ameuliza kitu hakuna mtu ameuliza."

"Kitu gani?"

"Amekuwa akiangalia ule mchoro wa stima ya nyumba yako wiki mzima. Anasema, huyu mama anaishi pekee yake, mchana ako duka, na saa nne asubuhi stima inapanda. Nikamwambia pengine ni pasi. Akasema hapana, pasi inapanda na kushuka, inapanda na kushuka. Hii inapanda, inakaa hapo juu, halafu inashuka mara moja. Akasema hiyo ni hita ya maji." Ignatius alicheka. "Huyo jamaa anajua kazi."

"Uzimeni huo mchoro."

"Haiwezekani, uko kwa mkataba. Na ukikataa mgeni hata mmoja, rejesho limeenda. Kwani kuna shida, Mama?"

"Hakuna shida."

Kumkataa Calvince kungekuwa kumthibitishia. Alimwomba tu Ignatius amwelekeze namna ya kuufungua ukurasa wenyewe. Tangu Januari hakuwahi kuutazama. Sasa aliiona nyumba yake imelala pale kwenye kioo cha simu kama mstari mmoja wa buluu. Kulikuwa na kilima kidogo alfajiri, na hiyo ilikuwa chai yake. Kisha mstari ulilala, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa ametoka. Kisha, saa nne, kilima cha pili kiliinuka, kipana, bapa kileleni, leo na jana na juzi na siku zote kurudi nyuma hadi asubuhi ile baada ya mvua. Lorine alikuwa akichemsha maji ya kuoga. Kabla ya asubuhi ile hapakuwa na kilima.

Gakenia aliona haya hadi masikio yakamwaka moto. Siku zile za Kaloleni, Selpha hakununua hata kibaba kimoja cha unga zaidi ya kawaida yake. Aliigawa sahani yake mwenyewe, kwa sababu alijua mwenye duka anafahamu kila nyumba inakula kiasi gani. Selpha, ambaye hakumaliza darasa la sita, aliliwaza hilo. Na yeye, mfanyabiashara mzima, alikuwa amempa mtoto wa Selpha chumba chenye mwanga na maji ya moto, kisha akaitangaza habari hiyo kwa kila mwenye simu, na akafurahia kwamba atalipwa kwa kufanya hivyo.

Walifikiria kumtorosha jioni ile ile. Lakini pikipiki mbili zilikuwa zimeegeshwa mkabala na lango tangu mchana, na wenyewe walikuwa wakiwakatalia abiria. Ikabidi wangoje. "Kesho usiguse kitu chochote," Gakenia alimwambia Lorine. "Usiwashe hata taa."

Jumamosi ilianza na mawingu mazito kutoka ziwani. Calvince alifika peke yake, akapangusa viatu, akaketi alipoonyeshwa. Aliitazama betri kwa makini, akaipima kwa viganja, akauliza bei yake na ya mafundi.

"Na rejesho?"

"Theluthi," Gakenia alisema.

"Theluthi ni pesa nyingi. Kampuni haiwezi peana theluthi ya bure, Mama."

Alikuwa ameiweka simu yake gotini, kioo kikitazama juu. Gakenia alipokwenda kuwasha birika, alimsikia akisema taratibu kutoka sebuleni, "Naona chai." Alirudi na vikombe viwili. Wakanywa. Mstari ulishuka, ukalala. Mvua haikunyesha wala mawingu hayakuondoka, na chumba kikazidi kuwa na giza ilhali ilikuwa saa tisa tu.

"Hata leo saa nne huu mstari ulilala hivi," Calvince alisema. "Siku zote unaamka. Siku mimi nakuja ndiyo umelala."

Gakenia aliweka kikombe chake mezani.

"Lorine hawezi oga maji baridi. Hata tukiwa kwetu Port Victoria, na lile joto, lazima achemshe. Nilikuwa namwambia hiyo tabia yake itamletea shida." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Mimi si mtu wa kelele, Mama. Nimekuja kama mgeni, na nimesoma mkataba, mgeni hafukuzwi. Nitakaa hapa. Wenzangu wako hapo nje. Jioni tutaenda naye nyumbani polepole, na hakuna mtu hapa Migosi atajua kulikuwa na kitu."

Maneno ya mwisho ndiyo yaliyomgusa Gakenia mahali. Hakuna mtu atakayejua. Hivyo ndivyo alivyokuwa akimwambia Lorine kila jioni ili apate usingizi. Ukimya alioulinda kwa karibu wiki mbili ulikuwa umemfaa Calvince kuliko ulivyomfaa yeyote mwingine katika nyumba ile.

"Ngoja nilete sukari," alisema.

Lorine alikuwa ameketi sakafuni nyuma ya mlango. Alikuwa amesikia kila neno.

"Vua hiyo sweta," Gakenia alimnong'oneza. "Mkono uonekane. Tunatoka nje."

"Mama, naogopa."

"Hata mimi naogopa. Nishike."

Walipita sebuleni wameshikana. Calvince alisimama, na kwa mara ya kwanza uso wake ukapungukiwa na adabu, lakini walikuwa wameshaufikia mlango. Barazani Gakenia alisimama. Ng'ambo ya uzio wanawake walikuwa wakifua kwenye bomba la plotini, ule ua wa nyumba za kupanga, na vijana wawili walikuwa wakitengeneza redio. Kwa miaka yote hakuwa amewapa zaidi ya salamu. Akiwa chini ya kile kitanda aliwahi kuwasikia watu wa mtaa wakiitana, na kila walipoitana, mlango wa mtu ulivunjwa. Calvince alikuwa mtoto wao. Mahari alilipa, ng'ombe waliswagwa mchana watu wakiona, na hapa palikuwa na mwanamke wa kutoka Nyeri aliyemfungia mke wa mtu chumbani.

"Dorca," aliita. Sauti ilitoka nyembamba. Akaita tena, kwa nguvu ambayo hakujua bado anayo. "Dorca. Mama Owiti. Baba Wandera. Kujeni. Leo ni siku ya wageni. Kujeni muone mtu niliyemficha."

Redio ilizimwa. Dorca, mwenye plot ya pili, aliinuka kwenye beseni lake mikono ikidondosha povu. Lango moja lilifunguka, na jingine. Pikipiki zilinguruma barabarani. Watu walianza kuingia uani, wakubwa kwa wadogo, bila kuuliza kitu, na Calvince akatoka barazani akiinyoosha kola yake, akimsalimia kila mmoja kwa Kijaluo, kwa heshima yake na kwa jina la mtoto wake.

Dorca alifika kwenye ngazi. Alimtazama Calvince, akaitazama plasta ya Lorine kwa muda mrefu, kisha akamgeukia Gakenia.

"Mama Shiro," alisema, kama mtaa ulivyomwita, "huyu mtoto umemweka ndani tangu lini?"

Gakenia alitafuta usoni mwake dalili ya upande aliosimama, asiione. Akauvuta mkono wa kulia wa Lorine karibu na kifua chake, akaanza kusimulia kwa sauti tangu usiku ule wa mvua, huku watu wakizidi kuingia.