Wembe Usio na Mwenyewe

Seremala alijaliwa ndevu, tena ndevu za haja: nzito, nyeusi, zinazonasa vumbi la mbao tangu asubuhi hadi jioni. Tangu zilipoota hazikuwahi kuonja wembe. Mkewe naye alijaliwa ndevu, ila hilo hakuna aliyelijua.

Zilimwanzia kama mzaha kabla hajaolewa, nywele mbili tatu chini ya kidevu, akazing'oa kwa kibano akasahau. Baada ya ndoa zikaongezeka, zikawa ngumu, zikapanda mpaka kwenye taya. Kibano kikashindwa kazi. Ndipo akanunua wembe wa mpini, akawa anaamka kabla ya mumewe na kujifungia bafuni, bomba akiliacha wazi ili maji yameze sauti ya kunyoa. Akimaliza, vifaa vyake anavisokomeza ndani ya mfuko wa pedi, mahali alipoamini mwanamume hawezi kutia mkono. Kisha anakwenda kazini. Alikuwa msaidizi wa daktari wa meno, na kazi hiyo aliipenda kwa sababu nyingi, mojawapo hakuwahi kuisema: ni kazi ya kuvaa barakoa kutwa nzima.

Tatizo likawa vipele. Nywele alizozikata zilijikunja zikaota kwa ndani, kidevu kikajaa vipele vyenye vichwa vya usaha, na kila kipele kilichopona kiliacha doa jeusi. Akaenda kwenye duka la vipodozi lililo mbali na kwao. Mwenye duka, mama mmoja mchangamfu mwenye kucha ndefu, akamuuliza dawa za vipele vya ndevu anazozitaka ni za nani.

"Za mume wangu," akasema, na uongo ukatoka bila hata kukohoa.

Basi mama yule akamhudumia mume. Akauliza ndevu zikoje, akajibiwa kuwa ni nzito. Ngozi je? Ngumu, ya mtu wa kazi za nje. Akatoa aftashevu, maji ya kupaka baada ya kunyoa, yenye spiriti kali, akatoa seramu ya asidi inayomenya ngozi iliyokufa, akatoa na krimu ya kung'arisha madoa. Akasema apake zote, moja juu ya nyingine, na wala asishtuke zikichoma, kuchoma ndiko kufanya kazi.

Zilichoma kweli. Asubuhi ya kwanza machozi yalimtoka akiwa amekamata sinki kwa mikono miwili. Alianza na aftashevu ngozi ikiwa bado ina mikwaruzo mibichi, akaifuatisha na seramu kabla aftashevu haijakauka, akazifunika kwa krimu, juu akasiliba mafuta ya mgando ili zisitoke, na mwisho kabisa poda ya kuficha wekundu. Juu ya tabaka zote hizo akavaa barakoa. Joto la pumzi na jasho vikafanya yaliyobaki. Wiki haikwisha kabla ngozi ya taya haijaanza kubanduka kama rangi ya ukuta wenye unyevu. Naye, kwa kuwa aliamini dawa chungu ndiyo iponyayo, akaongeza kipimo.

Daktari alikuwa mwanamke mtu mzima, mwenye maneno machache na macho yaliyozoea kuchungulia mapango madogo. Mgonjwa wa mwisho alipotoka, akamwambia msaidizi wake avue barakoa. Akamwinua kidevu kwa kidole.

"Umefanyaje?"

"Mvuke, daktari. Nilikuwa nafunua sufuria."

"Mvuke hauchagui, binti yangu. Huu umefuata mstari wa taya."

Msaidizi akainama. Daktari hakumbana. Akazungumza huku akinawa mikono, kana kwamba anasema na bomba: mtu akishanyoa, ngozi yake ni kidonda hata kama hakionekani, haitaki spiriti wala asidi siku hiyo. Inataka maji baridi, kitambaa safi cha kukandamiza bila kusugua, kisha kitu chepesi cha majimaji kwanza, kikishanyonywa ndipo krimu nzito kidogo isiyo na manukato, na mchana kinga ya jua ije juu ya vyote, maana jua ndilo linaloyageuza madoa kuwa meusi. Hiyo asidi isubiri ngozi ipone, na hata hapo kwa kuruka siku. Krimu ya kung'arisha, aitupe. Alipokuwa akijifuta, akaongeza kwamba anamfahamu daktari wa homoni katika hospitali ya wilaya, na kwamba mambo mengine ya usoni mzizi wake uko tumboni.

Neno tumboni lilimchoma kuliko spiriti. Katika ndoa yake hakukuwa na mtoto bado, na kila aliyemtembelea alianza kwa kumtazama kiuno. Akashukuru, akavaa barakoa, akaenda zake. Hakumwambia daktari lolote, lakini asubuhi iliyofuata aliiacha aftashevu mfukoni.

Alikuwa amechelewa. Harufu ilishafika.

Seremala alikuwa na pua ya kazi yake. Angeweza kukutajia mti kwa kunusa pumba za mbao. Kwa siku kadhaa alikuwa akiisikia kwenye mto wa mkewe harufu ya kiume, ya kinyozi, ya mtu aliyetoka kujipamba, na yeye mwenyewe kinyozi hamjui. Hakusema. Chakula kikamshinda. Mke akigeukia upande wake, yeye anageukia ukutani, na mke akadhani mwenzake ameuona uso wake na ameuchukia. Kila mmoja akawa anamkimbia mwenzake kwa sababu yake, ndani ya chumba kimoja.

Alilolifanya seremala baadaye ni lile wanalolifanya wengi: akapeleka maneno kwa dada yake. Wifi alifika siku ya pili na begi, akisema amekuja kusalimia. Alikuwa mwanamke mwepesi wa mikono, na yeye kutia mkono kwenye mfuko wa pedi hakuona shida. Mke wa seremala aliporudi kutoka kazini Ijumaa jioni, wembe na chupa ya aftashevu vilikuwa juu ya meza ya sebuleni, juu ya kitambaa cheupe, kama vitu vya maonyesho. Seremala alikuwa amekaa kiti cha pembeni, viganja katikati ya magoti.

"Wembe wa nani huu?" akauliza, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba aambiwe uongo mzuri.

Angeweza kusema. Neno lilikuwa fupi tu, "wangu". Lakini aliposimama pale na barakoa yake, likampitia wazo ambalo baadaye lilimtisha mwenyewe: kwamba mwanamke mwenye hawara angalau ni mwanamke. Akanyamaza. Wifi akagonga viganja kwa mshangao, akasema kimya ni jibu. Akavikusanya vile vitu, akavifungia kwenye begi lake, akatangaza kwamba baba mdogo ataitwa Jumapili ili kesi isikilizwe na wakubwa. Seremala akatoka nje akapiga simu. Kupitia dirisha mkewe alimsikia akiongea na mama mkwe wake, akimwambia kwamba bintiye ameleta mwanamume ndani ya ndoa.

Sasa hapo ndipo ushahidi ulipoanza kuharibika mikononi mwa mwendesha mashtaka. Wembe ulikuwa begini kwa wifi, na maduka ya karibu yote yalikuwa na watu wanaomjua mke wa seremala. Jumamosi asubuhi kidevu kilikwaruza. Jumamosi jioni kilikuwa na kivuli. Akashinda na barakoa ndani ya nyumba, akipika nayo, akidai ana mafua. Wifi akamuuliza hayo mafua yamemshika kwa nani. Usiku alilala kifudifudi, na Jumapili alipojipapasa alihisi kitu kama brashi. Ila ngozi chini yake, iliyopumzika kutokana na wembe na dawa zote kwa siku mbili, ilikuwa imetulia kwa mara ya kwanza baada ya majuma mengi.

Wakamketisha sebuleni kabla baba mdogo hajafika, ili maneno yapangwe. Wifi akaweka vielelezo mezani tena, akaanza kueleza jinsi kaka yake alivyovumilia, nyumba isiyo na mtoto, na juu ya hayo fedheha hii. Alisema mengi. Seremala alikuwa akitazama sakafu. Mkewe alimtazama yeye, akaona jinsi alivyokonda kwa siku hizo chache, mashavu yamebonyea nyuma ya ndevu zake nzuri, na hasira aliyokuwa ameishikilia ikachanganyika na huruma, vyote vikamchosha.

Akavua barakoa.

Dirisha lilikuwa wazi na mwanga wa mchana ulimwangukia usoni moja kwa moja, kwenye mabaka, kwenye magamba, kwenye ndevu.

"Nipe wembe wangu," akamwambia wifi yake.

Wifi akaurudisha kwa ncha za vidole. Na seremala akacheka. Kilikuwa kicheko kifupi, cha mtu aliyetuliwa mzigo, kilimtoka kabla hajakijua. Ndani yake hamkuwa na dharau hata chembe, ila furaha tupu ya kugundua kwamba hakuna mwanamume mwingine duniani. Lakini mkewe alichokisikia ni kicheko. Alisimama, akaingia chumbani, na mlango ukafungwa taratibu, jambo lililowaogopesha zaidi kuliko kama angeubamiza.

Seremala alibisha mlango kwa muda mrefu. Alisema amekosa. Alisema hakucheka alichokiona. Ndani hakukuwa na jibu mpaka aliposema kwamba atampigia mama mkwe ayafute maneno yake. Hapo mlango ukafunguka.

"Utamwambia nini?"

Kuyafuta maneno ni kuyaeleza. Mkewe akachukua simu mkononi mwake, akapiga mwenyewe.

"Mama, hakuna mwanamume. Ule wembe ni wangu. Naota ndevu."

Upande wa pili mama akashusha pumzi.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," akasema.

Methali hiyo ilimkata mara mbili, na mama lazima alijua, kwa sababu sauti yake ikapungua, akauliza kama inauma, na anapaka nini, na kwa nini amelibeba jambo hilo peke yake wakati yeye yupo. Binti akakaa kitandani akalia kwa mara ya kwanza tangu Ijumaa. Baba mdogo alipofika akaambiwa kesi imekwisha, akapewa chai. Wifi aliondoka naye jioni hiyohiyo, bila kuaga vizuri.

Hayakuisha kwa siku moja. Jumatatu alimweleza daktari ukweli, akasaidiwa kupata nafasi hospitali ya wilaya. Alinyoa kwa kuruka siku, akafuata mpangilio aliofundishwa, chepesi kwanza na kizito baadaye, na magamba yakaisha ingawa madoa yalibaki. Seremala akawa mpole mno, akinong'ona ndani ya nyumba kama yuko msibani, na upole huo nao ulimchosha mkewe. Kuna siku alimwambia waziwazi kwamba tuhuma ameshamsamehe, ila kicheko bado.

Siku ya hospitali walikaa kwenye benchi refu kati ya wanawake wajawazito. Mke alikuwa hana barakoa. Muuguzi alipoita, seremala akanyanyuka pamoja naye, vumbi la mbao likiwa bado kwenye mikunjo ya shati lake.

"Subiri kwanza," mkewe akamwambia.

Akakaa. Alikaa hapo muda mrefu, kofia mkononi, akiutazama mlango. Hatimaye muuguzi akachungulia nje, akauliza ni nani aliyekuja na yule dada, akamwambia seremala aingie, mkewe anamwita.