Viatu vya Marehemu Elasa

Sisi tuliobaki katika mji wetu wa Anathothi siku wenzetu waliposwagwa mateka kwenda Babeli, tuliomba kila mwaka warudi. Wakarudi. Ukiomba mvua, kubali na matope.

Azuba alifurahi kutushinda wote. Aliachwa mchanga, kaka yake akachukuliwa. Akakua, akaolewa, akafiwa na mume, na miaka yote hiyo akalipalilia shamba la mizabibu la baba yao ili kaka yake alikute hai. Kaka alifia huko. Akaja mwanawe, Hatushi, mzaliwa wa Babeli, akafika langoni akichechemea, viatu vimekatikia njiani.

"Shangazi, nchi yenu hii ina mawe."

"Yenu? Yetu, mwanangu. Kaa chini."

Palepale, mbele ya wazee wa mji, Azuba akaleta viatu vya marehemu mumewe, Elasa, akamvisha kwa mkono wake huku analia kwa furaha. Nasi tukalia, wajinga sisi.

Mavuno yalipokaribia, Hatushi akawaita wazee langoni, akanyoosha mguu.

"Kiatu hiki nilipewa na nani?"

Kwetu, anayemwachia mwenzake ardhi humkabidhi kiatu mbele ya mashahidi. Azuba alilijua hilo tangu utotoni. Hakudhani tu kwamba damu yake mwenyewe ingemfanyia hivyo.

"Nilimpa kwa sababu miguu ilikuwa inamtoka damu," akasema.

"Mama, ulimpa au hukumpa?" mzee mmoja akamuuliza.

"Nilimpa."

"Basi, yameisha. Shamba ni lake."

Nikasema huo ni wizi. Mzee akaninyamazisha: waliotoka Babeli ndio uzao safi, sisi tuliobaki tumeshachanganyika na majirani. Waliorudi walikuja na kibali cha mfalme, na mwenye nguvu mpishe. Wazee wetu walipisha upesi, nami nawachukia hadi leo.

"Sikufukuzi, shangazi," Hatushi akasema kwa upole. "Sheria inawaruhusu wajane na wageni kuokota zabibu zinazobaki. Njoo uokote."

Azuba akamuuliza:

"Niokote kama mjane, au kama mgeni?"

"Vyovyote utakavyo. Ila usiwatangulie wavunaji."

Siku ya kwanza ya mavuno alikuja na kikapu. Akasimama nje ya ukuta alioujenga yeye na Elasa, akasubiri aambiwe aingie.