Boksi la Tajiri

Dagaa walipokufa maelfu kwa maelfu wakaelea baharini, Tajiri hakungoja mtu apime. Yeye ndiye mwenye vizimba vya kunenepeshea samaki wakubwa. Alipanda juu ya meza mnadani akamnyooshea kidole kaka yangu: "Muuaji ni huyu. Kamwaga sumu." Watu wakamwamini, maana nusu yao wanakula kwake. Leseni ya kaka ikachukuliwa, nyavu zake zikachomwa moto, naye akajifungia ndani. Hata salamu yangu akawa haitikii.

Mimi ni mpima magonjwa ya samaki. Ningechukua sampuli mwenyewe, wangesema namtetea ndugu yangu; nikasubiri.

Wiki ya pili Tajiri akaja mwenyewe maabara, anataka cheti cha sumu ili kaka afungwe. Wale dagaa waliokufa alikuwa kawagandisha, kawatia kwenye boksi la kwanza aliloliona ghalani kwake, lile la samaki wa barafu kutoka ng'ambo anaowafanya chakula cha wale wa vizimbani. Chini kabisa, wawili wa ng'ambo walikuwa bado wamegandia kwenye katoni. Kwetu kila samaki aliyemo ndani ya boksi hupimwa, na aliyelileta hutia sahihi. Nikamsogezea kalamu kwa adabu zote. Akasaini huku akinipa pole kwa kuwa na ndugu wa namna ile.

Nikakata mashavu ya samaki, wanapopumulia, nikapima. Nikarudia mara tatu, maana nilikuwa na hasira na sikujiamini. Sumu hakuna. Kirusi kipo, kilekile, kwa dagaa wetu na kwa wale wawili. Barafu haikukiua. Samaki wake wakubwa hakiwadhuru. Waliokosa pumzi ni dagaa walioogelea kando ya vizimba vyake.

Nilifurahi, na sioni haya kusema.

Tajiri alikuwa ameshawaita watu wote mnadani waje wasikie, kaka naye akaletwa. Nikampa bahasha ya majibu, nikamwambia asome mwenyewe, kwani sampuli ni zake. Akapanda mezani kifua mbele. Kufika mstari wa pili, akashusha sauti. Akamalizia kwa kunong'ona, akaanza kushuka.

Nikamzuia kwa mkono.

"Si umeshapata ulichotaka?" akaniuliza.

"Bado. Rudia, tena kwa sauti ileile ya siku ile. Kaka yangu amesimama nyuma kabisa, hajakusikia."